Mwanzo wa Ngoma ni Lele

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Methali hii sote tulifundishwa katika shule ya msingi, tukaitia katika insha zetu mara nyingi ili mwalimu atuongezee alama, bila kuifikiria sana. Mimi nimekuja kuijua maana yake kwa midomo yangu mwenyewe. Ndiyo, mpenzi msomaji, kwa midomo, maana ilivimba hadi mama akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Katika ukurasa huu nataka kueleza vile nilivyojiunga na bendi ya shule yetu nikiwa sijui hata tarumbeta hushikwa kwa mkono gani, na kwa nini naona kwamba jambo hilo linatuhusu sote mwaka huu, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha bendi.

Kwanza niwaambie ukweli kwamba bendi yetu si ya kutangazwa redioni. Tuna tarumbeta nne, tromboni mbili, ngoma kubwa moja, ngoma ndogo tatu na jozi moja ya matoazi. Tarumbeta moja imebonyea kama sufuria iliyoangukiwa na jiwe, na kitufe chake cha tatu hukwama mpaka kipakwe mafuta. Vyombo hivi huwekwa katika chumba kidogo kilichopakana na stoo ya chakula, na ndiyo sababu sare zetu za bendi hunukia maharagwe hata siku ya sherehe. Lakini ndiyo bendi tuliyo nayo, na mchezea zuri, baya humfika. Sisi tulianza na baya.

Mwisho wa mwaka wa 2024, wanabendi saba wa kidato cha nne walifanya mtihani wao wa KCSE wakaenda zao. Kwa kawaida hilo si neno, kwa sababu kila Januari huja kidato cha kwanza na kujaza mapengo. Mwaka wa 2025 mambo yalikuwa tofauti. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 ni sisi, tukaingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024, na nyuma yetu mlango wa 8-4-4 ukafungwa. Wadogo zetu wa mtaala mpya walikuwa wangali Gredi ya 9. Basi Januari ile hakuna mgeni hata mmoja aliyepita langoni na sanduku lake la vitabu. Madarasa ya kidato cha kwanza yalikuwa matupu, madawati yakawekwa juu ya madawati, na bendi ikabaki na watu tisa.

Mwalimu wa bendi akaja darasani mwetu, kidato cha pili, Jumanne moja baada ya somo la mwisho. Akasimama mbele akauliza, "Nani hapa amewahi kupuliza tarumbeta?"

Kimya.

"Nani amewahi kupiga ngoma?"

Vijana watatu wakainua mikono. Mmoja alikuwa amepiga isukuti kwao nyumbani kwenye matanga na harusi.

"Haya, na nani hajui lolote kabisa?"

Tukaangua kicheko, na mikono ikainuka kila pembe kama mahindi shambani. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Nyinyi ndio nimekuja kuwatafuta. Saa kumi, nyuma ya stoo."

Tulienda kumi na wanne. Baada ya majuma mawili tulikuwa sita. Sitaki kuwasema waliotoka, maana kila mtu na shida zake, na hata mimi nilikuwa karibu kutoka mara mbili. Nilichokwenda kutafuta kule ni kitu kilichokuwa nyumbani kwetu siku zote. Babu yangu alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya Jeshi la Wokovu. Kanisa hilo lilianza kazi yake humu Kenya mwaka wa 1921, na bendi za shaba ni sehemu ya ibada yake hadi leo. Picha ya babu akiwa kijana, amevaa kofia yake na kukumbatia tarumbeta, imetundikwa sebuleni. Chombo chenyewe kilikuwa mali ya kanisa kwa hiyo alikirudisha. Nilikua nikiitazama ile picha, lakini sikuwahi kusikia sauti yake.

Sasa, kama ulidhani siku ya kwanza utapewa tarumbeta ing'aayo upige wimbo, pole. Wapiga ngoma walipewa tairi kuukuu la gari na vijiti viwili. "Pigeni hilo," akasema mwalimu, "mpaka mkono wa kushoto usahau kwamba ni wa kushoto." Sisi wa tarumbeta tulipewa kidomo tu, yaani kile kikombe kidogo cha chuma ambacho hutiwa mdomoni. Tarumbeta zenyewe zilibaki zimefungiwa.

Mimi nilidhani tarumbeta hupulizwa kama mtu anavyopuliza moto wa kuni. Kumbe sivyo. Ukipuliza hivyo unasikia upepo tu. Unaibana midomo, unapitisha pumzi katikati yake, na midomo yenyewe ndiyo inayotetemeka, bzzz, kama nyuki ndani ya mzinga. Hiyo ndiyo sauti. Chuma chote kilichobaki ni cha kuikuza na kuipa umbo. Mwalimu alitueleza kwamba bomba la tarumbeta ya kawaida likinyooshwa lina urefu wa karibu mita moja na nusu. Limekunjwa ili mtu aweze kulishika. Vile vitufe vitatu, kila ukibonyeza kimoja unafungulia pumzi njia ndefu zaidi ya kupita, na sauti inashuka. Cha pili hushusha nusu hatua, cha kwanza hushusha hatua nzima, na cha tatu hatua moja na nusu. Lakini bila kubonyeza chochote unaweza kupata sauti kadha wa kadha, kama vile do ya chini, so, na do ya juu, kwa kubana na kulegeza midomo tu.

Kueleza ni rahisi. Kutenda ndiko kuliko na kazi. Siku ya kwanza nilitoa upepo. Siku ya pili upepo. Siku ya tatu nikatoa mlio ambao rafiki zangu waliokuwa wakinisubiri nje walisema ni ndama anayetafuta mama yake. Kuanzia siku hiyo nikipita kwenye varanda utasikia mtu akilia, "Mooo!" Nilijikaza kisabuni. Midomo ilivimba, mashavu yakauma, na kichwa kikawa kinazunguka kwa sababu ya kukata pumzi. Siku ya tisa, mwalimu alitupa tarumbeta kila mtu kwa zamu, nikatia kidomo changu, nikapuliza. Ikatoka so. Ilikuwa so moja tu, ndefu, imenyooka, ikagonga ukuta wa stoo na kurudi. Nilishtuka mwenyewe nikatazama nyuma nione nani amepiga.

Wakati huohuo nyumbani mambo hayakuwa shwari. Sisi ni wanafunzi wa kutwa, na mwanafunzi wa kutwa ana shule mbili: ile ya asubuhi na ile ya jioni. Kutoka shuleni hadi kwetu ni mwendo wa kilomita nne. Nikifika ni kuteka maji, kuchuma mboga, kuwaosha wadogo zangu wawili, kisha ndipo nishike vitabu. Mazoezi ya bendi yakiisha saa kumi na moja na nusu, mimi nafika giza likiingia. Mama, ambaye huwa ameshinda sokoni akiuza mboga, alivumilia juma la kwanza. Juma la pili akaniita jikoni.

"Hiyo bendi," akasema bila kupaza sauti, "itakufanyia mtihani?"

"La, mama."

"Itateka maji?"

Nikanyamaza.

"Basi niambie yenyewe inafanya nini."

Sikuwa na jibu. Ni nani angeweza kumjibu? Wenzangu wawili walitoka bendini kwa ajili ya swali hilohilo, na siwezi kusema wazazi wao walikosea. Mtoto wa bweni akichelewa mazoezini hakosi chakula. Sisi tukichelewa, kuna mtu mwingine anayelala bila kula mpaka turudi.

Aliyeniokoa ni babu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, akasema polepole, "Mwachie siku mbili kwa juma. Akishuka hisabati, mwondoe." Mama akafikiri, akasema, "Jumanne na Alhamisi. Na maji yatekwe asubuhi." Hayo ndiyo yakawa mapatano yetu. Nilianza kuamka saa kumi na nusu alfajiri.

Siku mbili hazimtoshi mwanagenzi, hilo nililijua. Nikamwomba mwalimu ruhusa ya kwenda na kidomo nyumbani. Alikubali kwa sharti kwamba nikioshe kwa maji vuguvugu na sabuni kila siku, kwa sababu kesho yake mwenzangu atakitumia pia. Nikakifunga katika leso, nikakitia mfukoni, na kuanzia siku hiyo mazoezi yangu yakawa njiani. Naenda mtoni napiga bzzz, narudi na ndoo kichwani napiga bzzz. Majirani walizoea.

Babu alinisikia jioni moja akaniita. Yeye hawezi tena kupiga kwa sababu meno ya mbele yamekwisha, na bila meno hayo midomo haina pa kuegemea. Lakini masikio yake yangali mazima. Akaniambia, "Mashavu yako yamevimba kama chura. Yarudishe. Tarumbeta haitaki nguvu, inataka pumzi." Akanifundisha kuvuta pumzi hatua nne na kuitoa hatua nane nikiwa natembea. Mwezi mzima nilikwenda shuleni nikihesabu hivyo, nne ndani, nane nje. Alikuwa akinipimia kwa kugonga mkongojo wake sakafuni, na nikipotoka, mkongojo unanyamaza. Nadhani katika miaka yangu yote hatukuwa tumewahi kuongea na babu kama tulivyoongea miezi ile, ingawa maneno yenyewe yalikuwa machache.

Jambo jingine lililonitia moyo ni lile alilotuambia mlezi wa chama chetu cha Kiswahili. Kuna watu wanaosema bendi ni kitu cha kigeni, cha polisi na wanajeshi, kisichotuhusu. Mlezi alitueleza kwamba watu wa pwani walilipokea jambo hili zamani sana. Mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu na Mombasa walitazama bendi za Wazungu, wakaunda ngoma yao wenyewe wakaiita beni. Jina ni lilelile la bendi, limetiwa sauti ya Kiswahili. Walikuwa na vyama vya kushindana, wakipiga na kuimba kwa maneno yao wenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, na baadaye, beni ilienea bara, na kule Tanganyika kukawa na vyama viwili mashuhuri, Marini na Arinoti. Wale watu nao walianza bila kujua. Hakuna aliyezaliwa Lamu na tarumbeta mkononi.

Basi mwezi wa Julai mwaka uo huo wa 2025 ikaja siku ya wazazi, na bendi ilitakiwa kupiga Wimbo wa Taifa. Sisi wanagenzi tulidhani tutaachwa tubebe viti. Mwalimu akasema kila mtu atapiga. Wale wakubwa wakachukua sauti ya wimbo wenyewe, nami nikapewa noti tatu tu: do, fa na so. Do na so bila kitufe, fa kwa kitufe cha kwanza. Noti tatu! Nilivunjika moyo kidogo. Lakini nilipoanza kuzipiga pamoja na wenzangu ndipo nilipoona kwamba wimbo wote umesimama juu ya hizo tatu kama nyumba juu ya nguzo. Nikichelewa kutoka do kwenda fa, wote juu yangu wanayumba.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kunyamaza. Katika karatasi yangu kulikuwa na sehemu nyingi ambapo sipigi kitu, nahesabu tu: moja, mbili, tatu, nne. Asiyejua hudhani kuhesabu ukimya ni kazi ya bure. Mwalimu alituambia, "Mwanabendi hupimwa anapokuwa amenyamaza." Tena alitukumbusha kwamba muziki wa Wimbo wetu wa Taifa, uliotayarishwa na tume ya watu watano mwaka wa 1963, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo ambao mama alimwimbia mtoto wake ili alale. "Msiupige kama mnakwenda vitani," akasema. "Upigeni kama mnamlaza mtoto wa mtu." Tangu hapo nikiusikia gwaride asubuhi nausikia kwa namna nyingine.

Siku yenyewe ilifika. Jua lilikuwa kali na sare zilinuka maharagwe kama kawaida. Wazazi wakasimama, tukapiga. Sikumbuki mengi kwa sababu nilikuwa nikihesabu. Nakumbuka tu kwamba babu alikuja, ameshikwa mkono na mama, na kwamba mama alikuwa amefunga kibanda chake cha mboga siku ya soko, jambo ambalo halijawahi kutokea. Jioni hakusema neno juu ya muziki. Alisema, "Kesho ukienda mazoezini, maji nitateka mimi." Kwangu hilo lilikuwa jibu la swali alilokuwa ameniuliza jikoni. Na kwa wale wanaotaka kujua, hisabati yangu muhula ule ilikuwa C, na muhula uliofuata ikawa C+. Sisemi bendi ndiyo iliyonipandisha. Nasema haikuniangusha.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu.

Mwisho wa mwaka wa 2025 wengine watano walifanya KCSE wakatuaga. Januari 2026 langoni pakaingia wageni, na si kidato cha kwanza bali Gredi ya 10, wale wadogo zetu wa mtaala mpya. Baadhi yao walikwisha kupuliza filimbi za plastiki katika shule ya msingi na wanasoma noti kwenye mistari upesi kuliko mimi. Wengine hawajui chochote, kama nilivyokuwa mimi. Na humu shuleni nimesikia maneno. "Hao si wa mfumo wetu." "Wasiguse vyombo, watavivunja." "Wangoje tumalize ndipo waanze." Kuna hata waliopendekeza chumba cha bendi kifungwe mpaka mitihani yetu iishe, ati tusipoteze wakati kuwafundisha wanaoanza.

Wenzangu, tufikiri. Sisi ndio kidato cha mwisho. Mwaka wa 2027 tutafanya KCSE ya mwisho ya 8-4-4, tutatoka, na baada yetu hakuna kidato kingine kitakachoingia humu. Watakaobaki na zile tarumbeta nne, ikiwa pamoja na ile iliyobonyea, ni hao hao Gredi ya 10 na wanaowafuata. Tukiwanyima tairi na vijiti leo, bendi itazikwa siku tutakayovua sare. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka wa 2025 bendi hii haikuponywa na mafundi, kwa kuwa mafundi walikuwa wanaondoka. Iliponywa na watu sita wasiojua lolote.

Kwa walimu wetu wapendwa, ombi langu ni moja: ruhusuni vidomo vitoke nyumbani na wanafunzi wa kutwa, kwa sharti la sabuni. Wengi wetu hatuna jioni za kukaa shuleni, lakini njia tunazo, tena ndefu.

Kwa ndugu zangu wa Gredi ya 10: mkisikia mtu akilia "Mooo!" kwenye varanda, msijali. Hiyo ndiyo lele yenyewe. Njooni Jumanne au Alhamisi, saa kumi, nyuma ya stoo. Nina funzo moja tu la kuwapa, nami nililipewa na mzee asiye na meno: rudisheni mashavu, tumieni pumzi.

Alamsiki.